Kreti la Zabibu na Namba Sita

Alhamisi. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa kwetu Dodoma unaobeba vumbi na kutikisa mabati kama una ugomvi nayo. Nimefunga madirisha yote na bado kibodi yangu ina mchanga. Lakini nina furaha, na nataka kuiandika kabla haijapoa.

Baba yuko kwangu tangu wiki iliyopita. Alikuja kutoka Kondoa kutolewa mtoto wa jicho. Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillahi, na sasa jicho la kulia limefunikwa kikinga cheupe kinachomfanya aonekane amenuna hata asiponuna. Daktari amemkataza kusoma, kuinama na kunyanyua vitu mpaka arudi kliniki Jumatatu. Mtu amefundisha hisabati sekondari maisha yake yote, amestaafu, kilichobaki ni vitabu vyake, halafu unamwambia asisome. Anakaa kwenye kochi, anawasha redio, anaizima, anaiwasha tena.

Leo nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Zuhura, kesho nitapanda basi nirudi nyumbani. Hapa nakaa kama gunia."

Nikamkumbusha kliniki ya Jumatatu. Akasema jicho ni lake.

Baba akisema hivyo, huwa amemaliza. Moyo uliniuma. Nikakimbilia kazini, na kazini kwangu ni meza iliyo sebuleni hapohapo.

Kazi yenyewe ni tovuti ya kikundi cha akina mama wanaolima zabibu nje kidogo ya mji. Kesho wanakutana kuiangalia. Mwenyekiti wao, mama Neema, anataka mtu akifungua ukurasa akutane na kreti la zabibu. Hataki picha, maana maandishi ya ubavuni yatabadilika kila msimu. Kwa hiyo kreti nalijenga kwa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za tovuti: mraba mmoja uwe ubavu wa kushoto, wa pili ubavu wa kulia, wa tatu kifuniko.

Shida ni kwamba kwenye kivinjari kila kitu huzaliwa kimenyooka. Ukitaka mraba uonekane kama ubavu wa kreti lazima uuinamishe. Mimi nilikuwa nimerundika amri: zungusha, inamisha, bana. Mbavu zikakaa kwa shida. Kifuniko kikapaa. Nikabadilisha mpangilio wa amri, kikashuka kimejikunja kama chapati iliyoungua upande mmoja. Jana nilimtumia mama Neema nilipofikia, akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hili kreti au limegongwa na lori?"

Leo kifuniko kilipopaa tena nikapiga meza kwa kiganja.

"Nini hicho?" Baba akauliza.

"Kazi tu, Baba."

"Kazi gani inapigwa?"

Nikamweleza ili asije akadhani nimekasirika kwa ajili ya basi. Nikasema ipo njia nyingine, kuandika mageuzi yote mara moja kwa namba sita za matriksi, lile jedwali la namba la kwenye hisabati, ila hiyo sijawahi kuielewa. Huwa nanakili tu ya watu na kuomba Mungu.

Akazima redio.

"Matriksi? Humo ndani mnatumia matriksi?"

Sauti ile sijaisikia tangu astaafu.

Akaniambia nimsomee maelezo. Nikamsomea: a, b, c, d, e, f, na jinsi kila nukta inavyohamishwa. Akafumba jicho lake zima. "Rahisi," akasema. "Namba mbili za kwanza zinakwambia hatua moja ya kwenda kulia itaangukia wapi. Mbili zinazofuata, hatua moja ya kwenda juu itaangukia wapi. Mbili za mwisho ni za kusogeza tu."

"Ya kwenda chini, Baba. Kwenye kivinjari chini ndiyo chanya."

Akafumbua jicho. "Nani aliwaruhusu?"

Nilicheka mpaka nikaegemea meza. Yeye hakucheka. Aliudhika kwa dhati, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umehamishwa.

Halafu akasimama, akanisimamisha na mimi katikati ya sebule. "Geuka kulia, kisha piga hatua kubwa mbele. Uko wapi?" Nilikuwa mlangoni mwa jiko. "Rudi. Sasa piga hatua kwanza, kisha ugeuke." Nikajikuta mbele ya televisheni. "Amri zilezile, umefika kwingine. Ndiyo maana kifuniko chako kinaruka. Acha kurundika. Jiulize tu kila ukingo unataka uelekee wapi."

Tukachukua kitambaa cha meza, yeye akashika pembe mbili, mimi mbili. Ubavu wa kushoto: ukingo wa juu unateremka kuelekea kulia, ukingo wa pembeni unabaki wima. "Teremko la nyuzi thelathini," akasema. "Kosaini yake nukta nane sita sita. Saini yake nusu." Alitoa namba hizo kichwani kama mtu anayetaja majina ya wanawe. Nikaandika:

transform: matrix(0.866, 0.5, 0, 1, 0, 0);

Ubavu ukalala vizuri. Wa kulia ni huohuo, ila nusu iwe hasi ili ukingo upande. Kifuniko, kingo zote mbili zinainama: moja inapanda kwenda kulia, nyingine inateremka kwenda kulia. Nikaandika, nikapakia ukurasa upya.

Kila kipande kilikuwa na umbo sahihi. Na havikugusana.

Nilikaribia kutoa machozi. Nikamwambia Baba vipande vimeachana, kila kimoja kimekwenda kivyake.

"Sifuri yako iko wapi?" akauliza. "Unapima kutoka wapi?"

"Kwenye kona ya juu kushoto."

"Na mashine je?"

Nikaangalia. Mashine inapima kutoka katikati ya kila kipande, usipoiambia vinginevyo. Mstari mmoja, transform-origin: 0 0, kisha nikarekebisha zile namba mbili za kusogeza. Vipande vikasogeleana, vikashikana. Kreti likafunga.

Baba akasema daktari alikataza kusoma, hakukataza kuangalia. Akasogea, mkono wake kwenye bega langu, akalitazama kreti lile na jina la kikundi likipanda ubavuni bila kuyumba.

"Limesimama," akasema.

Hiyo tu. Lakini mkono ulikaa begani muda mrefu.

Nikamtumia mama Neema kreti jipya, akajibu kwa vigelegele, nadhani alikuwa shambani na wenzake maana vilikuwa vingi. "Hilo sasa ni kreti! Nani kakusaidia?" Nikamtumia sauti, makusudi ili Baba asikie: "Mwalimu wangu." Yeye akajifanya anatafuta stesheni ya redio iliyokuwa imezimwa.

Mchana tumekula ugali kwa mlenda. Katikati ya kula akaniuliza kama mteja anaweza kuligeuza lile kreti kwa kidole aone na upande wa nyuma. Nikasema inawezekana, ila hapo unaingia kwenye pande tatu, urefu, upana na kina, na matriksi yake haina namba sita. Ina kumi na sita.

Tonge likasimama njiani.

"Kumi na sita," akasema polepole. Akaliweka tonge kwenye sahani, akafuta vidole. "Hizo hatuzimalizi kesho. Wala Jumamosi."

"Hatuzimalizi, Baba."

"Basi Jumatatu, tukitoka kliniki, tutakuwa tumefika mahali."

Sikusema neno kuhusu basi. Niliongeza mlenda.

Sasa amelala kwenye kochi na upepo umetulia kidogo. Nimeosha vyombo huku najiuliza swali moja: ni vitu vingapi anavijua mzee huyu, anavipenda, na hakuna aliyemuuliza tangu siku aliyokabidhi funguo za ofisi ya walimu?

Kesho, nikitoka kwa akina mama, nitaanza kumuuliza.