Ukurasa wa Kumi na Saba

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
Dar es Salaam
9 Juni 1976

Kwa kaka yangu mpenzi Pantaleo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mama na shemeji Hyasinta, na kwamba baridi ya huko haijaanza kuipasua ngozi yako. Mimi afya ninayo. Raha ndiyo sina.

Mwezi wa tatu alikuja pale kwenye kiwanda cha uchapaji ninapochora Sista Angelina, mtawa kutoka Ufilipino anayefundisha Upanga, akataka nimchoree kitabu cha hadithi za kwao za viumbe wa majini. Unanijua, siwezi kuchora nisichokiona. Kwa ajili ya nguva nilinunua samaki aina ya changu sokoni, nikashinda naye mezani nikiiga magamba, mpaka fundi Abbasi akasema nichague, samaki atoke au nitoke naye.

Shida ilikuwa siyokoy. Huyo ni mwanamume wa majini mwenye magamba mwili mzima, huwavuta watu chini akawazamisha. Sista aliikataa michoro yangu mitatu. Alisema hayo ni magamba ya samaki wa kukaanga, yeye anataka ngozi ya mtu. Nikarudi mezani nikachora mara moja tu, bila kufuta. Abbasi aliposema anaogopa kupita karibu na meza yangu, nilifurahi.

Kaka, nilikuchora wewe. Miguu ni yako, na ngozi ile kavu yenye magamba uliyozaliwa nayo. Mgongo ni ule aliokuwa akiupaka mama mafuta ya ufuta sisi wengine tukiwa mtoni, kwa kuwa watoto walikukataza kuoga nao. Hata shingo nimeilaza upande kama yako. Nilijua tangu mstari wa kwanza, nikaendelea kwa sababu picha ilikuwa inatoka vizuri.

Jana nimeambiwa vitabu vimeshapakiwa kwenda maktaba za vijiji vya kusini, na chenu kimo. Ni wewe mtunza maktaba utakayefungua kifurushi, ni wewe utakayewasomea watu wa kisomo cha watu wazima, nao wataitazama picha kisha watakutazama. Ni ukurasa wa kumi na saba. Uchane, lawama nitazibeba mimi. Naona haya, kaka.

Na kuna jambo nimelibakiza. Sista aliponisifu, aliniuliza mtu huyu mwenye macho ya upole hivi nimempata wapi. Nikamjibu simjui.

Msalimie mama, ila usimwonyeshe. Ukishindwa kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako, uliyemfundisha kushika penseli,

Eliasi