Mashine Uliyonisifia

Paysandú, Jumanne

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini goti limepoa na baridi ya mwaka huu imekuhurumia. Mama je, kile kikohozi kimemwacha? Huku kwetu hatujambo. Watoto wana mafua ya shuleni, lakini chakula hawakikatai. Yanina ni mzima, bado yuko dukani kwake, anauza dawa.

Baba, jana uliponipigia simu ukitaka nije Jumamosi nikufungulie magurudumu ya nyuma ya pikapu, nilikubali. Baada ya kukata simu nilikaa jikoni mpaka maji ya chai ya mate yakachemka yakaharibika. Nimeona afadhali nikuandikie, kwa sababu kwenye simu wewe unafurahi, na ukifurahi mimi naitikia kila kitu. Barua hii nitampa jirani yangu Dardo, ambaye huja huko kwenu Guichón kila wiki kwa mama yake.

Nianze na hiyo mashine. Breki za gari letu zilianza kulia mwezi wa Mei, na fundi wa pale kona alitaja bei ya kutukimbiza. Tukaamua kazi ifanyike hapa nyumbani. Lakini nati za magurudumu zilikuwa zimeng'ang'ana kwa kutu. Spana ya tairi ilikanyagwa kwa miguu miwili, ikapinda yenyewe. Ndipo tukaenda mjini, mimi na Yanina, kutafuta mashine ya betri ya kufungulia nati, isiyo ya bei mbaya.

Muuzaji alitupangia tatu mezani. Kubwa aliisifu sana. “Hii, bwana, inafungua hata lori!” Yanina akaipima mkononi, akauliza nani atalala chini ya gari ameshika jiwe lile. Ya pili ilikuwa ndogo, nzuri, rahisi, ila kumbe ni ya skrubu za makabati. Ikabaki ya kati. Yanina akataka kujua ile namba kubwa kwenye boksi ni nguvu ya kukaza au ya kufungua. Muuzaji akanigeukia mimi.

“Mwambie mama hiyo ni ya kufungua, bwana. Ya kukaza huwa ndogo zaidi.”

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua tangu zamani. Yanina akauliza tena kama betri ya drili yetu itaingia. Iliingia. Kwa hiyo tukanunua mashine tupu, bila betri wala chaja, na kilichobaki kikatosha kununua soketi nyeusi nene za kuvalisha nati, maana zile zinazong'aa hupasuka kwa kishindo cha mashine. Muuzaji akanipa mkono, akasema najua kuchagua. Nikamshukuru. Yanina alikuwa ameshabeba mfuko.

Jumapili iliyofuata gari lilipandishwa jeki. Mashine ikawekwa kwenye nati, ikapiga kelele, na nati iliyotushinda kwa wiki nzima ikalegea kama kifuniko cha chupa. Pedi za breki zikabadilishwa. Nati zikarudishwa kwa vidole kwanza, kisha zikakazwa kwa spana ya mkono. Dardo alichungulia juu ya ukuta wakati mashine iko mikononi mwangu.

“Ala, Wilmar! Kumbe mikono unayo? Sisi tulidhani umezaliwa na kalamu!”

Nikamjibu kwamba ninajitahidi. Ni neno dogo, Baba, lakini Dardo alilibeba mpaka Guichón, na lilipofika kwako lilikuwa limenenepa.

Siku yako ya kuzaliwa unaikumbuka. Nyama ilikuwa bado motoni ulipowaita wajomba, wale wanaoniita Mikono ya Uji tangu nikiwa mtoto. Ukasema, “Mnamwona huyu? Si mlisema hatafunga hata kitasa?” Kisha ukaingia ndani, ukatoka na lile sanduku la spana alizotumia babu kazini kwenye reli, ukaniwekea mapajani. Macho yako yalikuwa na maji. Sijawahi kukuona hivyo kwa ajili yangu. Nilikumbatia lile sanduku, nikasema asante. Yanina alikuwa amesimama nyuma yako na bakuli la viazi. Alitabasamu kwa watu wote isipokuwa mimi.

Tulipofika nyumbani Yanina akaweka mashine mezani. “Breki za nyuma nazo zimeanza kulia,” akasema. “Fundi si upo?”

Juzi nilijaribu. Kufungua niliweza. Kufunga, sikuanza kwa vidole. Niliichomeka nati kwenye mashine nikabonyeza, ikaingia upande, na bolti ikakatika. Yanina alisikia mlio ule kutoka jikoni. Akaja akifuta mikono, akatazama, akarudi ndani. Hakunicheka. Angenicheka, labda nisingeandika.

Rudi juu, Baba, uone nilivyokuandikia. Gari lilipandishwa. Pedi zikabadilishwa. Spana ilikanyagwa. Hata hapa nimejificha. Aliyeikanyaga ile spana ni Yanina. Aliyelala chini ya gari ni Yanina, aliyefunzwa na baba yake kwenye matrekta. Mimi nilimshikia taa na kummiminia chai ya mate. Dardo alipochungulia, Yanina alikuwa ameingia ndani kunawa, akaniachia mashine nimshikie.

Nimemwomba radhi jana usiku. Alisema hahitaji kupigiwa makofi na wajomba. “Kilichonichoma,” akasema, “ni kwamba ulikuwa unanitazama huku unapokea sifa.” Ni kweli. Nilikuwa ninamtazama. Nilimwomba kwa macho anyamaze, naye akanyamaza. Kwa hilo naona aibu kuliko kwa uongo wenyewe.

Jumamosi nitakuja na sanduku lako, na wajomba nitawaambia mwenyewe, waniite watakavyo. Kama spana zile unazitaka, zichukue. Ila pikapu siwezi kuigusa. Nimemuuliza Yanina kama atakuja kuitengeneza. Amesema hatumwi na mimi. Mwenye pikapu amwombe mwenyewe. Basi nakuandikia namba yake ya simu nyuma ya karatasi hii, Baba, kwa sababu katika miaka yote hii ya ndoa yetu hujawahi kumpigia.

Msalimie Mama, umwambie watoto wanamuulizia. Ujikinge na baridi.

Ni mimi mwanao,
Wilmar