Seva Iliyomkataa Mjomba

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula au unashindia chai tu.

Najua ulisema nikupigie. Simu naiogopa, Kaka, hata yako. Nikisikia mtu anapumua upande wa pili maneno yote yananikimbia. Nivumilie na barua pepe.

Nimeanza kazi ofisini kwa Mjomba. Nakaa meza yako ya dirishani. Usikasirike, shule imeisha na nyumbani nilikuwa nahesabu mijusi. Hakutaji kabisa, lakini kikombe chako hakuna anayekigusa.

Nimeshangaa sana jinsi wanavyofanya kazi. Programu ni ileile, ya kuwaambia wauguzi wa zahanati dozi ya mtoto kulingana na uzito wake. Lakini ili uiguse, lazima uvae kofia nyekundu! Mwenye kofia ndiye mwenye faili, wengine tunamngoja. Jana Mama Mapacha aliondoka nayo kichwani hadi nyumbani, na leo asubuhi yote tulikaa kama wageni msibani. Fundi Miwani akamwambia alipofika, "Mama, umekwenda kulala na ofisi nzima." Mama Mapacha akajibu, "Wangu wawili hawalali, hiyo ofisi ingelala saa ngapi?"

Mimi wananiita Kipaza Sauti, kwa sababu siku nzima sisemi.

Kompyuta ya zamani ipo chini ya ngazi, haina kazi. Ulishawahi kusema kuna seva ya kutunza faili za programu. Nifundishe.

Mdogo wako


5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, mama. Kikohozi kimekwisha. Mwambie Mama nakula, na chai pia nakunywa.

Ile kofia! Mimi nilimwambia Mjomba mbele ya wageni wake kwamba ni upuuzi, akasema nimemvua nguo hadharani. Tangu siku hiyo hatujasalimiana. Kwa hiyo wewe usiseme ni upuuzi. Sema unaomba kujaribu kitu.

Nimekuambatishia maelekezo ya kuiweka, hatua kwa hatua. Kwa ufupi: kila mtu anakuwa na nakala yake nzima, anafanya kazi bila kumngoja mwenzake. Akimaliza anasukuma mabadiliko kwenye seva, kwa jina lake, na sababu ya kubadilisha. Kama mwenzake ametangulia kusukuma, seva itamkataa mpaka avute kwanza kazi ya yule na kuiunganisha na yake.

Shika hili kuliko yote: ikikataa, usigombane nayo. Maana yake kuna kazi ya mtu ambayo bado hujaiona.

Na simu jifunze. Haina meno.

Kaka yako


19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Habari za kazi? Sisi salama, Mama naye mzima, goti tu linamsumbua.

Inafanya kazi! Mjomba alikubali nijaribu, akanunua waya na kuchukua nakala yake kabla hajasafiri. Nikauvuta, nikampa kila mtu ufunguo wake wa kuingilia, na sasa wote wanasukuma na kuvuta. Fundi Miwani alipoona mabadiliko ya Mama Mapacha yameingia kwake bila flashi, alisimama akaangalia nyuma ya kompyuta. Kofia sasa anavaa mlinzi, na imemkaa vizuri.

Nimefanya na la ziada. Zahanati zote tatu sasa zinachukua toleo jipya kutoka kwenye seva kila asubuhi, zenyewe. Zamani Fundi Miwani alikuwa anapanda pikipiki na flashi mfukoni.

Juzi Mama Mapacha alisahihisha kosa la siku nyingi. Kwa watoto wachanga kabisa, programu ilikuwa inakadiria uzito kwa juu, na dozi ya dawa ya maji ya mafua ilitoka karibu mara mbili. Wauguzi walikuwa wanalijua, wanakokotoa kwa mkono. Sasa wameambiwa waiamini programu. Marekebisho yakafika kwao kesho yake asubuhi. Nilifurahi mpaka nikasema kwa sauti, "Haya!" Wote wakageuka.

Mjomba yuko safarini. Akirudi nataka aone.

Mdogo wako


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, vidole vinakosea kila herufi. Nisamehe, afya yako sijaiuliza.

Mjomba alirudi Alhamisi. Huko safarini alikuwa amebadilisha ukurasa wa mbele kwenye kompyuta yake: rangi, na neno la kukaribisha. Akaja, akataka kusukuma. Seva ikamkataa, kwa kuwa nakala yake ilikuwa ya kabla hajaondoka.

Akacheka kwanza. "Seva niliyoinunulia waya mimi, inanikataa mimi?" Fundi Miwani akasema, "Bosi, labda haijakuzoea." Wote wakacheka. Nilifungua mdomo kusema avute kwanza. Akasema, "Mwanangu, mimi ndiye mwenye ofisi. Hakuna namna ya kuilazimisha?"

Nikasema, "Ipo, Mjomba."

"Basi ilazimishe."

Nikailazimisha. Kaka, nilikuwa nimewaambia wote kwamba seva haisahau kitu, na mimi mwenyewe niliamini hivyo. Nilidhani kazi za wengine zitakaa pembeni tu. Kisha Mjomba akasema, "Sasa wote mfute za kwenu, mchukue hii, tuwe kitu kimoja." Wakafuta. Ni mkubwa, nani angebaki na yake?

Leo Mama Mapacha kafungua faili lake kutafuta yale marekebisho. Hayapo. Kila kilichoingia wakati Mjomba hayupo hakipo. Na zahanati zimechukua toleo hilo Ijumaa asubuhi. Tangu Ijumaa, Kaka. Mama Mapacha ameshika kichwa, anasema, "Wachanga, wachanga," basi, neno hilo tu. Mjomba ametoka, hapatikani.

Mimi siwezi hata kulia. Nifanye nini?

Mdogo wako


2 Aprili, mchana

Mdogo wangu,

Nimeisoma nimesimama, na bado nimesimama. Nimekupigia hupokei, kwa hiyo soma vizuri.

Kwanza, pigeni simu zahanati zote. Waache kuitumia programu, wakokotoe kwa mkono. Usingoje faili zipatikane.

Pili, usiifagie seva, yaani usiiamuru ifute takataka zake, wala usiizime. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kwenye seva kwa muda bado yanazoleka. Kazi ya Mama Mapacha imekatwa jina tu, yenyewe imo mle ndani. Nimekuwekea hapa chini amri za kuitafuta.

Simu kwanza. Nimesema kwanza.

Kaka yako


3 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Yamepatikana. Jana jioni niliandika zile amri, nikaona jina la Mama Mapacha na sababu yake: "Wachanga wasizidishiwe dozi." Nikaita. Akaja mbio, akanikumbatia na kiti changu. Tukairudisha, na leo asubuhi zahanati zimepata toleo sahihi.

Lakini simu hazijapigwa.

Nilikuwa namngoja Mjomba azipige yeye, ndiye mwenye mkataba. Alipofika tukamweleza. Akakaa chini, uso ukawa wa kijivu. Sijawahi kumwona hivyo. Akauliza, "Sasa imerekebishwa?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Basi yaliyopita si ndwele. Hakuna haja ya kutangaza. Tukitangaza wataivunja mikataba yote mitatu, na nyie wote mtarudi nyumbani."

Mama Mapacha akasema, "Bosi, na zile siku?"

"Hakuna zahanati iliyolalamika."

Fundi Miwani akafuta miwani yake, akaifuta tena.

Kaka, huyu ndiye Mjomba aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Ndiye aliyeuza gari ukasome. Nimekaa hapa najiuliza kama nimesikia vibaya. Labda anajua kitu nisichojua. Labda kweli yamepita?

Mdogo wako


3 Aprili, jioni

Mdogo wangu,

Hukusikia vibaya. Na mimi nimeshtuka, mtu niliyedhani namjua hata kwa nyayo zake.

Fikiri hivi. Programu ikishatoa dozi, muuguzi anaiandika kwenye karatasi, anaibandika kwenye chupa. Mama anaondoka na chupa. Wewe umeirekebisha seva. Chupa umeirekebisha? Ipo nyumbani kwa mtu, na kijiko kipo pembeni yake. Hayo hayajapita.

Ningepiga mimi, lakini sina namba zao na hawanijui. Wataniona tapeli.

Sikulaumu kwa kumngoja. Lakini sasa usingoje tena.

Kaka yako


4 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimepiga.

Nilifika ofisini kabla ya wengine. Niliandika maneno kwenye karatasi ili nisome tu. Mara ya kwanza nikakosea namba, akapokea fundi cherehani mmoja, nikamsomea yote hadi mwisho. Akasema, "Pole mwanangu, mimi nashona."

Zahanati ya kwanza muuguzi alinisikiliza, akasema hawakupata wachanga siku hizo, asante. Ya pili, alipokea mama mmoja, sauti nzito. Nikamsomea. Nilipofika kwenye "dozi mara mbili" akanikatiza: "Dawa gani? Ya mafua? Tangu lini?"

Nikamwambia.

Akasema, "Tuna mtoto hapa wodini. Kalala tangu jana, haamki kunyonya. Tunahangaika hatujui ana nini."

Kaka, nilisikia simu ikigongwa mezani na ndara zake zikikimbia. Hakuikata. Nikabaki nasikiliza feni yao. Niliishikilia hivyo hivyo, siwezi kuiweka. Nilipogeuka, Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake mkononi. Sijui alianza kusikia tangu neno gani.

Yule mama akarudi, anahema. "Chupa tumeiona. Daktari sasa anajua anatibu nini. Wewe ni nani?"

Nikamwambia jina langu lote na la ofisi. Nikamwambia mimi ndiye niliyeilazimisha seva. Sidhani alielewa. Akasema nisiondoke kwenye simu hiyo, watanipigia. Nikapiga ya tatu kwa simu ya Mama Mapacha, ambaye alikuwa amefika na kusimama nyuma yangu. Huko chupa zilikuwa mbili, wakatuma mtu kwa kila nyumba. Mtoto mmoja alikuwa hajaanza kupewa, mwingine mzima, anacheka tu.

Mchana yule mama akapiga. Mtoto amefungua macho, amenyonya kidogo. Watamwangalia hadi kesho. Nikamwambia Mama Mapacha, akakaa chini sakafuni pale pale, na sketi yake nzuri.

Mjomba aliweka mkoba, akautazama, akauchukua tena akatoka. Hajarudi. Mimi nimefunga meza, nimechukua vitu vyangu. Sidhani kama bado nina kazi. Mama nyumbani ananiuliza nina nini, na mimi namuuliza habari za goti lake.

Je, nilimvua nguo hadharani?

Mdogo wako


7 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Hujambo wewe? Goti la Mama je? Na mtoto? Ananyonya vizuri sasa; aliyeniambia utamshangaa.

Jana simu yangu iliita. Nilipoona namba nikaiacha iite, nikidhani nimeota. Ikaita tena. Mjomba. Mwaka mzima, mdogo wangu, hata salamu ya sikukuu hakuna.

Sikumwamkia, nilisahau. Na yeye hakusalimu. Akauliza, "Ni wewe uliyemfundisha mdogo wako?"

Nikasema, "Seva nilimfundisha. Kupiga zile simu nilimwambia, lakini mdomo ni wake. Mimi mwenyewe sikuamini kama ataweza."

Kisha akaniambia anashinda kule zahanati kwenye yule mtoto, kwenye kibenchi nje ya wodi, tangu siku ile alipotoka ofisini. Alikwenda kuwaambia kwamba amri ilikuwa yake, si ya mtoto. Zahanati moja imevunja mkataba. Nyingine mbili wanamsubiri aeleze, na ameniomba nimwandikie jinsi ya kuifunga seva ili asiweze kuilazimisha mtu yeyote. Akasema, "Hata mimi. Anza na mimi."

Nimeketi na simu mkononi kama mtu aliyepigwa kofi, na sijui kama nicheke.

Mwishoni nikamwambia, basi mpigie binti mwenyewe, mwambie arudi kazini. Unajua alinijibu nini? Mjomba, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, alinong'ona.

"Mwambie wewe. Mimi namwonea haya."

Nenda Jumatatu. Mwamkie wewe kwanza, yeye hataweza.

Kaka yako