Mchumba Wangu Amenichukulia Darasa la Masista

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie. Nimepoteza darasa langu Jumatatu, tarehe 9 Juni 1969, na aliyelichukua ndiye mchumba wangu.

Nilimaliza darasa la nane, nikawapikia masista wa Kiitaliano hapa Dongobesh miaka sita, Kiitaliano nikakiokota jikoni, na walipotakiwa waandike taarifa za zahanati kwa Kiingereza wakaniomba niwafundishe, nao walikuwa wanakwama kwenye neno moja, "get", kwa sababu Mwitaliano ana neno lake la kupokea, lake la kwenda kuleta, lake la kufika, la kuelewa, la kulowa, na Mwingereza hayo yote anayabeba kwa "get", basi mimi ubao sikuugusa, niliwatoa uani, mmoja alete ndoo, mmoja apokee barua, mmoja afike mlangoni, mmoja alowe kweli, kila mmoja aseme alichofanya kwa lugha zote mbili, wakacheka na wakashika, kutoka wawili wakawa saba.

Emilian, ndiye mchumba wangu huyo, mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Kigoma, akaniomba nimwonyeshe, nami nikamwonyesha maana zote kumi na mbili za "get" tukipukuchua mahindi kwa mama, kumbe alikwenda kwa Sista Veronica, mkuu wao, akamwambia naolewa kwa hiyo nimeacha, na Jumatatu nilipofika nikamkuta Emilian uani anammwagia sista maji. Nilipomuuliza alijibu taratibu, "Efrazia, siku hizi hakuna changu, kuna chetu. Mke wa mwalimu anatafuta nini kwa masista?" Mama anasema ninyamaze, wazee wameshakunywa pombe ya uchumba.

Tangazo la kwanza la ndoa yetu litasomwa kanisani Jumapili, 6 Julai. Niache lisomwe au nilizuie? Usinizungushe, nijibu kabla ya siku hiyo.

Efrazia, Dongobesh

JIBU: Dada Efrazia, pole. Kumwonyesha mchumba kazi yako si kosa, asikutwishe mtu hilo. Kosa lako ni kuniandikia mimi niliye Dar es Salaam wakati Sista Veronica yuko hapo hapo, na mpaka leo anaamini umeacha. Nenda kesho asubuhi, umwambie kwa Kiitaliano chako: "Sijaacha, wala sikumtuma mtu."

Huyo mwalimu asijifiche nyuma ya Ujamaa. Kama darasa ni lenu, mbona aliyebaki nje ni wewe peke yako? Kinachonitisha zaidi, hujaingia nyumbani kwake na ameshaanza kukusemea. Kesho atasema umekubali kuhamia Kigoma, nawe utazisikia habari hizo kwa majirani. Na hiyo pombe isikutie hofu, walioinywa sio watakaoishi na Emilian.

Mwite mbele ya mama na mjomba mmoja. Muulize swali moja tu: utakwenda nami kwa Sista Veronica, useme mwenyewe kwamba ulidanganya, darasa lirudi kwangu? Akianza hotuba, mkatize. Akisema atafikiria, hiyo ni hapana, na jioni hiyo hiyo uende kwa padri aliondoe tangazo. Padri ukimwambia wewe mwenyewe inatosha. Emilian awe amejibu kabla ya Jumamosi tarehe 5, saa sita mchana. Ndiyo au hapana.