Kona Saba za Kijito Chetu

Kisawasawa

Mwanangu Evod,

Shikamoo yako imefika, marahaba baba. Barua yako nimewasomea jumuiya nzima, wasikie kwamba mwanangu anachora ramani huko Dodoma. Bata wametotoa. Mguu wa baba yako una nafuu.

Umeuliza kijito chetu kinapita wapi. Andika kwamba kinatoka mlimani, kinapita chini ya daraja la reli, kinazunguka kanisa, halafu kinapinda kona saba kwenye majaruba yetu ya mpunga kabla ya kuingia mto Kilombero.

Ila baba, kona hazipo tena. Mwaka juzi niliwaambia watu tuzinyooshe ili maji yafike upesi. Mama Teddy akabisha, "Maji yakikimbia hayanyweshi." Nikamjibu, "Kwani wewe umezaa mpima ardhi?" Watu wakacheka, wakachukua majembe. Nilitumia jina lako bila kukuuliza.

Masika ya kwanza tu maji yalikimbia kweli, yakachimba korongo la kumzidi mtu kimo. Sasa kijito kiko chini kabisa, na majaruba yamebaki juu, makavu. Tuliziba kwa viroba vya mchanga, vikasombwa. Mama Teddy amehamia Michenga. Hakuniaga.

Waliobaki wananiuliza utakuja lini kutengeneza. Nawajibu hivi karibuni, lakini nimelishuka lile korongo mwenyewe, na najua halitengenezeki.

Basi wewe kwenye ramani zichore zile kona saba. Ulikuwa ukizihesabu nikiwa nimekubeba mgongoni.

Mama yako anayejivuna nawe,
Agnella