Droo Sita za Nesi

Jumatatu, 3 Juni

Hakuna fundi kama mimi. Si mtaani, si mjini — duniani! Siku wakitaka kupeleka gari mwezini watakuja kunigongea mlango mimi, na nitawaambia wasubiri nje, nakula.

Leo Mjomba kaleta Nesi gereji. Nesi ni gari la wagonjwa la zamani, kalipata mnadani. Refu, paa juu, magurudumu yote manne yanavuta, na alama ya hospitali bado inachungulia chini ya rangi. Bosi wangu kalizunguka mara mbili. Bosi tunamwita Jenerali kwa sababu ya sauti — jenereta likinguruma, yeye ndiye anayesikika. Kasema hilo si gari, ni kaburi lenye matairi. Mjomba kaupiga mlango kofi dogo la upendo. Mlango ukafunguka, haukutaka kufungika tena.

Mpango ni huu: wiki nne tu, Nesi awe nyumba. Kitanda, jiko, friji, maji, taa. Halafu siku ishirini jangwani, hadi kwenye bonde la chumvi. Huko ndiko Mjomba alikokuwa akiendesha lori la wapimaji wa ardhi ujanani. Anataka mkewe akaone.

Na mimi naenda! Mjomba kasema mwenyewe, mbele ya mashahidi: "Mpwa wangu ndiye fundi wa safari. Atakaa pale." Kaonyesha benchi la nyuma, walipokuwa wakikaa ndugu wa mgonjwa. Jenerali kanipa ruhusa ya siku zote ishirini bila kubisha. Nadhani anataka kupumzisha masikio.

Magari yaliyopita mikononi mwangu yamefika sijui wapi na wapi. Mimi sijawahi kupita kituo cha mizani, pale nje ya mji malori yanapopimwa uzito. Miaka kumi na tisa! Kila gari nalitengeneza, kisha naliona kisogo. Safari hii mizani ndiyo itakayoona kisogo changu.

Jumatano, 5 Juni

Mke wa Mjomba kaja kukagua. Alinifundisha hesabu shule ya msingi, ndiyo maana mpaka leo namwita Mwalimu, na nikimwona mgongo unanyooka wenyewe.

"We mtoro, mchoro uko wapi?"

Nikagusa paji la uso. "Uko humu, Mwalimu."

"Humo humo zilimopotelea hesabu zangu za miaka miwili?"

Jenerali kacheka mpaka kashika ukuta. Sawa. Niliacha shule kidato cha pili, kwa makubaliano ya pande zote mbili, mimi na shule. Lakini Mwalimu anataka mchoro kwenye karatasi, wenye vipimo, kabla ya safari. Eti atausahihisha. Kwa kalamu nyekundu!

Mjomba naye ana sheria yake. Ndani ya gari lake hata inzi anafunga mkanda. Miaka thelathini na miwili ya lori hajabeba mtu asiye na kiti na mkanda. Anasema aliwahi kumwacha meneja mzima kando ya barabara, na tai yake shingoni. Kanisimulia hiyo mara mbili kabla ya chai.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemvua Nesi nguo zote. Zulia, mbao, mabomba ya oksijeni. Chini — kutu! Tundu la ukubwa wa sahani, unaiona ardhi. Nimekata, nimechomelea bati jipya, nimepiga msasa, nimepaka rangi. Jenerali kapitisha kidole kwenye mshono, katafuta kasoro, kakosa. Kaishia kuniambia viatu vyangu vichafu.

Jumanne, 11 Juni

Springi mpya, Nesi kanyanyua makalio. Na nimemtia pua! Bomba nene linapanda pembeni ya kioo mpaka juu ya paa, ili akivuka mto injini ivute hewa, isinywe maji. Jenerali kasema sasa anafanana na mimi. Nimemjibu basi ni mzuri.

Ijumaa, 14 Juni

Leo niandike polepole, maana ni siku ya kihistoria.

Droo. Sita! Mbao za milimita kumi na nane, tatu juu, tatu chini, ubavu mzima wa kulia. Na makomeo nimeyabuni mimi: kitasa, springi, na kijiti cha chuma. Unabonyeza kwa kidole kimoja, droo inakuja kama imeitwa kwa jina. Ukiachia, tiki! Gari lipinduke, lilale ubavu, hazifunguki. Nimezijaza vyuma, nimemwendesha Nesi kwenye mashimo yote nyuma ya gereji. Hakuna droo hata moja iliyotoa ulimi.

Mafundi wa gereji ya pili wamekuja kutazama. Mmoja kafungua na kufunga mara kumi na moja. Nimehesabu. Kauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia ninazaliwa hivi kila asubuhi.

Jumamosi, 15 Juni

Benchi lilikuwa linanisumbua. Droo za chini zikivutwa zinaligonga. Basi — nje! Bolti nane, zote zimeshikwa na kutu, ya mwisho nimeikata kwa grinda.

Lakini sijatupa kitu, mimi si mtu wa kutupa. Sponji ya benchi nimempa Dada, ambaye ni fundi cherehani, aigeuze godoro. Vyuma vyake nimevikata, vimekuwa meza ya kukunja. Mikanda yake nimefungia madumu manne ya maji, nyuma ya viti vya mbele. Imeyakaa vizuri hiyo mikanda! Hayatikisiki.

Dada kaishika ile sponji muda mrefu. "Imekaliwa na watu wangapi wanaolia?" Nikamwambia sasa italaliwa na watu wanaokoroma. Kaniita mpuuzi. Kitambaa kakifua mara mbili.

Jumatatu, 17 Juni

Umeme. Betri ya pili nimeiweka katikati ya viti viwili vya mbele, na kisanduku cha fyuzi juu yake. Friji kushoto. Friji hii si ya mchezo: Mwalimu ana sukari, sindano zake za dawa lazima zikae kwenye baridi. Kwa hiyo waya zake nimezikagua kuliko zote.

Jaribio la kwanza: friji ikiwaka, honi inalia. Jaribio la pili: honi imenyamaza, waipa zinacheza. La tatu — safi. Yale mawili ya kwanza nilikuwa naangalia tu kama Jenerali yuko macho.

Alhamisi, 20 Juni

Tumetoka na Nesi, mimi na Mjomba! Mwalimu alikuwa na miadi kliniki, basi nikakaa kiti chake. Mkanda, tiki. Tumeshuka hadi mtoni, kwenye mchanga. Mjomba kanionyesha jinsi ya kupunguza upepo wa matairi mpaka yalegee kama mashavu ya mzee. Kisha kaniachia usukani. Nimekwama. Anasema nimekwama vizuri, sikuzidi kukanyaga mafuta nikajichimbia. Sifa ni sifa.

Tulipokuwa tunachimba kaanza kusimulia. Lori lake liliwahi kuzama kwenye lile bonde la chumvi, wakakaa siku kumi na moja wakisubiri kuvutwa. Chini kweupe, anasema, kweupe mpaka mchana kivuli chako kinakuwa cha buluu. Na kimya — unasikia kope zako zikifumba. Nikamuuliza mbona hajawahi kutusimulia. Kasema hakuna aliyeuliza. Basi nimeuliza! Maswali kama arobaini hivi. Kajibu yote, koleo mkononi, kakenua kama kijana.

Kabla ya kuwasha gari turudi, kageuka kutazama nyuma. Katazama sana.

"Huko nyuma umemaliza?"

"Nimemaliza, Mjomba! Hakuna nafasi ya kupenyeza hata kalamu!"

"Sawa," kasema. Kaendesha polepole mpaka gereji, macho barabarani. Nadhani alikuwa anasikiliza gia.

Jumamosi, 22 Juni

Nimechora. Juu ya boksi la friji, penseli na rula, ulimi nje. Kila kitu na kipimo chake: droo, friji, madumu, betri, godoro, meza, jiko, jeki, koleo, hata chupa ya chumvi. Mwalimu kaja na miwani na kalamu nyekundu. Kachukua tepu, kaingia ndani ya Nesi, kapima kila kitu upya. Kimoja kimoja. Mimi nimesimama mlangoni nasubiri kama nina kaptula ya shule.

Kaandika: 9/10.

TISA! Sijawahi kupata tisa, hata nilipoibia.

"Na hiyo moja, Mwalimu?"

"Kaangalie mwenyewe."

Hakuisema kwa ile sauti yake ya chaki. Kaisema taratibu, kanitazama kidogo, kama anasubiri niseme neno. Nimeangalia mchoro wote. Vipimo sawa. Majina sawa. Itakuwa mwandiko — mwandiko wangu umewahi kumliza hata mwalimu mkuu. Nimeubandika ukutani juu ya meza ya kazi, mbele kabisa.

Jumatatu, 24 Juni

Keria juu, turubai la Dada ubavuni. Linafunguka kwa sekunde arobaini. Dada anasema thelathini na nane, na atakayebisha alishone mwenyewe.

Alhamisi, 27 Juni

Tumepakia, mimi na Dada. Kila kitu kimeingia! Nimeweka begi langu: mashati matatu, suruali mbili, daftari hili. Droo ya tano. Tiki.

Jenerali kanipa seti yake ya spana, ile ya kwenye mfuko wa ngozi ambayo hata mwanawe hagusi. Kasema nikipoteza moja nisirudi, nihamie huko huko kwenye chumvi. Nikataka kumtania, nikaishia kuzifuta moja moja kwa shati. Vumbi.

Keshokutwa, alfajiri. Leo nimepita makusudi kwa baiskeli hadi kituo cha mizani. Nimesimama kwenye lango, nimetazama barabara ikienda. Askari kaniuliza natafuta nini. "Naaga," nikamwambia.

Ijumaa, 28 Juni

Saa kumi na moja jioni. Nimekaa kwenye sakafu ya Nesi, naandika kwa penseli ya seremala.

Ilikuwa saa tisa. Mjomba na Mwalimu wamekuja kufanya jaribio la mwisho, watu na mizigo. Mjomba kapanda, tiki. Mwalimu kapanda, tiki. Jenerali yuko pembeni, Dada yupo na simu apige picha. Mimi nimefungua mlango wa nyuma kwa mbwembwe, nimeweka mguu mmoja ndani. Nikasimama.

Kulia, droo. Kushoto, friji na jiko. Mbele, madumu manne ya maji, kila moja na mkanda wake. Yamefungwa vizuri. Yamestarehe.

Mbele katikati — betri yangu.

Nikabaki na mguu mmoja chini mmoja juu.

"Unatafuta nini?" kauliza Mwalimu bila kugeuka.

"Pa kukaa."

Mjomba kazima injini. Nilizisikia kope zangu.

"Kumbe unakuja?" kasema.

"Si ulisema mwenyewe, Mjomba! Mbele ya Jenerali!"

"Nilisema. Halafu ukalikata benchi." Alikuwa anaongea na usukani. "Nikajua umeghairi, unaona haya kuniambia. Nikajiambia, siku ishirini na wazee wawili, kijana gani anataka? Sikutaka kukulazimisha, mwanangu."

Mwalimu kavua miwani, kaifuta kwa pindo la kanga. "Ile alama moja ilikuwa wewe," kasema. "Nilingoja uniambie huendi."

Nikamtazama Jenerali anicheke, nami nimjibu, mambo yaendelee. Hakucheka. Hiyo ndiyo iliyouma.

Nikasema naweza kukaa juu ya dumu. Sikumaliza sentensi. Mjomba kainua kidole kimoja tu, nikaiona tai ya yule meneja.

"Alfajiri haijafika," kasema. "Gari hili umelitengeneza wewe. Wewe ndiye unayejua kipi kitoke."

Sasa Jenerali kaburuta kiti kutoka kwenye vyuma chakavu nyuma ya gereji, kiti kimoja cha basi dogo, mkanda wake mzima. Upana sentimita arobaini na tano. Dada anakishona upya palipochanika, kaketi juu ya tairi, sindano mdomoni. Mjomba na Mwalimu wako kwenye benchi la nje, wanakunywa chai. Hawaendi nyumbani. Namsikia Mjomba anamwambia aliulizwa maswali arobaini kule mtoni. Anayahesabu kwa vidole.

Nimepima mara nne. Friji haitoki, ni dawa za Mwalimu. Maji hayatoki. Betri ikitoka, friji imekufa. Sentimita arobaini na tano ziko sehemu moja tu: droo mbili za mbele, ya juu na ya chini, pamoja na fremu inayozishika. Nikiikata fremu hapo, sijui kama hizo nne zitakazobaki zitasimama sawa. Zinaweza zikaanza kutoa ulimi kwenye kila shimo, kilomita elfu.

Nimechora mstari kwa penseli. Mstari mzuri, umenyooka. Nimebonyeza komeo mara ya mwisho. Tiki.

Jenerali anapaza sauti, mtaa mzima unasikia: nimeshika msumeno au naandika barua ya mapenzi?

Nimeshika msumeno.

Koleo nilipima. Jeki nilipima. Chupa ya chumvi nilipima, kifuniko na kitako. Mtu wa tatu sikumpima, na mtu mwenyewe alikuwa mimi.