Nimesaini Joto la Siku Ambayo Haijafika

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana nimefikwa na jambo ambalo hata kumsimulia mume wangu niliona aibu, na ukurasa huu wako nimeusoma miaka mingi nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema jamani hawa watu mambo haya wanayatoa wapi, kumbe yangu yalikuwa yananisubiri kazini.

Mimi ni mama wa watoto watatu, msimamizi wa chumba cha baridi kwenye kiwanda cha mtindi, na kazi hii niliipata kwa mkono wa mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili na mpaka leo tuko naye chumba hicho hicho, yeye akiwa mtunza chumba na mimi, Mungu anisamehe, nikiwa bosi wake. Kazi yake ni kusoma kipimajoto mara tatu kwa siku na kuandika kwenye fomu, kazi yangu ni kuhakikisha amesoma kisha nisaini. Joto lisizidi nyuzi nne, basi, hakuna elimu kubwa hapo.

Sasa kiwanda kinatafuta cheti cha usalama wa chakula, wakachagua watu sita tufundishwe kuwa wakaguzi wa ndani, nami nikawemo, nikajiona nimefika. Mwalimu wetu ni mzee mmoja mpole tuliyempachika jina la Bwana Nionyeshe, kwa sababu ukimwambia hapa tunaosha mikono atasema nionyeshe, ukimwambia imeandikwa kwenye fomu atasema nionyeshe na hiyo fomu. Siku ya kwanza alituambia kinyozi hajinyoi, hakuna kukagua sehemu yako, kwa hiyo mimi nikapewa ghala la kupakia magari. Jumatano akatupa zoezi: chukua katoni moja yoyote iliyo tayari kuondoka, fuata namba yake kurudi nyuma hadi maziwa yalikotoka. Nikachukua katoni ya chekechea ya jirani, ambako kitinda mimba wangu anasoma, nikafuata namba, na ile namba, mshauri, ikanirudisha hadi chumbani kwangu mwenyewe.

Nikafungua faili la joto, kalamu nyekundu mkononi, beji mpya shingoni. Jumatatu nne, nne, nne. Jumanne nne, nne, nne. Jumatano, na hiyo ilikuwa saa nne asubuhi, imejazwa mpaka jioni. Nikadhani nimekosea mstari. Nikaweka kidole. Alhamisi imejazwa, Ijumaa imejazwa, Jumapili imejazwa! Na mwandiko ule naujua, ndio ulioandika jina langu kwenye madaftari yangu yote ya shule.

Nikamvuta mama mdogo nyuma ya makreti, nimepandisha hasira za ukaguzi, nikamwambia, "Mama, joto la kesho umelipimaje?"

Akafuta mikono kwenye aproni taratibu, akaniangalia. "Na wewe joto la kesho umelisainije?"

Nikatazama upande wa kulia wa ile fomu. Saini yangu, mshauri! Saba, zimepangana kutoka juu hadi chini! Kila Jumatatu asubuhi huwa nasaini wiki nzima kwa mkupuo mmoja ili nisivae lile koti zito kila jioni, na nimefanya hivyo miaka mingi hadi nimesahau kwamba ni kosa.

Mama mdogo akakaa juu ya kreti lililopinduliwa. "Mwanangu, mimi zile namba sizioni. Tangu mwaka jana naziona ukungu mtupu. Nikasema, si mtoto anasoma? Asingesoma angesaini?" Nami miaka yote nilijua yeye ndiye anayesoma, asingesoma angejaza?

Nimelia, sikufichi. Ripoti yangu nitaisoma Ijumaa ijayo mbele ya meneja na wenzangu wote, na nikiandika nilichokiona, aliyenilea atafukuzwa akiwa amebakiza miezi minane astaafu, na mimi nitamfuata, na nisipoandika nitakuwa nimesomea uongo nikavalishwa na beji. Mume wangu anasema karatasi ni karatasi tu, chana ukurasa, jazeni mwingine kwa kalamu mbili tofauti. Mama mdogo anasema niandike ni yeye peke yake, mimi nina watoto. Sili, silali, nikiona tarakimu nne hata kwenye saa nashtuka. Nifanye nini?

Aliyesaini Kesho

Jibu la mshauri:

Aliyesaini Kesho, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Pole, kwanza. Kumkuta mama yako kwenye faili si jambo dogo, na kujikuta wewe mwenyewe mstari huo huo ni kubwa zaidi. Nyani haoni kundule, lakini wewe umeliona, na wengi hufa hawajaliona. Hilo nakupa. Sasa kaa chini nikugombeze.

Umeniandikia rangi ya kalamu. Umeniandikia beji, koti, aproni, kreti na machozi. Nimetafuta barua nzima, hadi nyuma ya bahasha, na sikuona mahali ulipoandika kipimajoto kilisoma ngapi. Mwanangu! Mlikuwa mmesimama nyuma ya makreti, mlango uko pale, koti liko kwenye msumari, watu wazima wawili mmegundua kwamba mwaka mzima hakuna aliyekitazama, na bado hamkukitazama! Mlilia, mkarudi kazini? Na ile katoni ya chekechea, ilipakiwa? Barua yako ina tarehe ya Alhamisi na leo ni Jumanne. Watoto wa wenzako wamekula nini siku zote hizi? Wako, nina hakika, umemwambia asile.

Kwa hiyo Ijumaa isahau. Ukimaliza kusoma hapa, likunje gazeti, vaa koti, ingia ndani ukasome. Kisha mpigie meneja leo hii, kabla hujanywa chai, umwambie kwamba rekodi za chumba kile haziaminiki na hakuna katoni itakayotoka mpaka mtindi wenyewe upimwe, na zilizokwisha kutoka zifuatwe ziliko. Namba za katoni si unajua kuzifuata? Ndicho ulichofundishwa. Nenda chekechea kwa miguu yako, ukamwambie mwalimu mkuu asigawe kilichobaki.

Ripoti usiiandike wewe. Kinyozi hajinyoi. Mkabidhi Bwana Nionyeshe faili lile zima zima, amtume mwenzako akague, na wewe ukae upande wa kuulizwa. Ukiulizwa, anza na kosa lako, ndipo useme la mama yako. Yeye macho yalimwacha akaogopa kusema. Wewe macho unayo. Usikubali akubebee mzigo huu, amekubeba inatosha tangu darasa la pili.

Kesho asubuhi mpeleke akapimwe macho, umshike mkono. Mficha uchi hazai. Mwambie meneja, mbele yake, kwamba mtu aliyekaa chumba kile muda mrefu hivyo anaweza kupewa kazi isiyohitaji kusoma namba kwa miezi minane, na kwamba kipimajoto chenye tarakimu kubwa na kengele kingewekwa zamani kama mmoja wenu angesema. Watamfukuza? Huenda. Na wewe pia huenda. Sitakudanganya ili ulale. Lakini mwenye kiwanda akisikia kwako kabla ya kusikia kutoka hospitali, kuna la kuzungumza. Akisikia kutoka hospitali, hakuna.

Mumeo mwambie nampenda kwa kukutetea, ila akae mbali na hilo faili. Kalamu mbili tofauti! Hapo angekutoa kwenye uzembe akakuingiza kwenye jinai, tena kwa ushauri wa bure.

Nitasubiri barua yako, na safari hii iwe fupi. Sitaki kujua nani alilia. Niandikie namba uliyoiona kwenye kipimajoto, basi, na tafadhali, mwanangu, usiniandikie nne kabla hujafungua mlango.